Shangazi, nimealikwa karamu ya Shela, lakini wanakitaka na kichwa cha wifi yangu

Asalamu alaikum Shangazi. Natumai u mzima wewe na jamaa zako.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya wanawake Langoni, hapa Lamu, chumba cha chini katika nyumba ya mavyaa wangu. Chumba hicho alinipa mwenyewe nilipoolewa, na hanidai kodi. Wateja sina haba, na msimu wa harusi ukiwadia hata chakula hula nimesimama.

Juzi alikuja saluni dada mmoja wa kampuni ya dawa za nywele. Wanaleta dawa mpya ya kunyoosha, wanaiita ya keratini, na wanataka kuizindua huku pwani kwa karamu kubwa. Wamekodi nyumba ya kifahari Shela, karamu itakuwa juu kabisa chini ya makuti, kuanzia magharibi hadi usiku. Nikapewa kadi nyeupe yenye maandishi ya dhahabu, na jina langu limeandikwa humo. Wageni watavaa nyeupe na dhahabu. Watakuwepo watu wa televisheni kutoka Nairobi, warembo wa mitindo, wenye mahoteli, muziki, vyakula vya kila aina, na kila mgeni atatoka na mfuko wa zawadi. Shangazi, nimewatengeneza wanawake waende karamu za namna hiyo miaka na miaka. Nawafunga vishikizo vya nguo mgongoni, nawasindikiza mpaka mlangoni, kisha narudi kufagia nywele. Hii ndiyo mara ya kwanza kadi kuja kwa jina langu. Nataka kwenda, sikufichi.

Shida ni kwamba yule dada hakunitaka mimi tu. Alimkuta wifi yangu amekaa saluni, ana nywele nyingi na nzito, akasema huyu ndiye wanayemtafuta. Wifi yangu anaolewa wiki mbili baada ya karamu hiyo. Wanataka apande jukwaani anyooshwe nywele mbele ya wageni, nusu ya kichwa kwanza ili watu waone tofauti, na kamera zikichukua. Wao watamtengeneza nywele za harusi bure, na mimi watanifanya wakala wao wa Lamu. Mwenyewe amekubali, amefurahi hata ameshawaambia rafiki zake. Nywele zake nilizitia dawa ya kulainisha mimi mwenyewe kama miezi mitatu iliyopita, na juu yake akajitia hina nyeusi ya pakiti. Nilimwambia yule dada, akasema hakuna neno, dawa yao haina kemikali, ni keratini tupu.

Siku ile ile alinionyesha inavyofanya kazi kwa mteja mmoja. Alipaka dawa kifungu kimoja cha nywele za nyuma, akakikausha, akapitisha pasi. Moshi ukapanda, macho yakatuwasha sote, mteja akakohoa mpaka akaomba maji. Msaidizi wangu ana mimba, yeye alitoka akaenda kukaa barazani. Yule dada akasema ni mvuke wa maji tu. Na nisiseme uongo, zile nywele zilitoka zimelala, zinang'aa, na mteja amerudi anauliza lini atafanyiwa kichwa kizima.

Mavyaa wangu anakaa juu na ana pumu. Harufu ilimfikia huko huko, akateremka ngazi kuuliza tunachoma nini. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za karamu. Mume wangu hakunikataza kwenda, ila amesema nywele za mkewe na za dada yake haziwi tangazo la barabarani. Wasusi wenzangu nao wananiambia nikijivuta nafasi itakwenda kwa mwingine wa Mkomani.

Halafu kuna karatasi. Wanataka nitie sahihi usiku huo huo wa karamu, nichukue makatoni ya dawa na malipo yaje baadaye. Nimeuliza ni kiasi gani, na nisipouza itakuwaje, nikaambiwa tutazungumza huko huko tukisherehekea.

Nifanyeje, Shangazi? Niende na wifi, niende peke yangu, au nirudishe kadi? Na nikienda nivae nini, mimi mtu wa buibui?

Msusi wa Langoni, Lamu


SHANGAZI ANAJIBU

Waalaikum salaam mwanangu.

Nenda. Kadi imekuja kwa jina lako, hukuiomba wala hukuikopa, na miaka yote hiyo ya kuwafunga wenzako vishikizo inatosha kukupa haki ya kukaa kitini jioni moja, uletewe sahani, usikilize muziki na upepo wa Shela ukikupiga. Nimefurahi kwa ajili yako. Lakini wifi yako asipande jukwaani, na kalamu usiishike usiku huo.

Kwanza ujue kwa nini umealikwa, maana nahisi unaichukua kadi hiyo kama hisani. Dawa ya nywele haijiuzi kwa picha peke yake, inauzwa na mkono wa msusi ambaye mteja anamwamini. Hilo si jipya. Madam C. J. Walker, yule Mmarekani mweusi aliyetajirika kwa dawa za nywele, mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake mjini Philadelphia, wanawake zaidi ya 200, akawapa zawadi waliouza sana na pia waliotoa sana kusaidia wahitaji. Alijua mali yake imesimama juu ya mikono yao. Hawa wa kwako wanajua vivyo hivyo. Watu wa televisheni watapanda ndege zao Manda warudi Nairobi. Wanawake wa Langoni na Mkomani watabaki kwenye kiti chako. Kwa hiyo zungumza na yule dada kama mtu mwenye kitu anachokihitaji, na masuali uliyomuuliza yakajibiwa "tutazungumza huko huko" muulize tena.

Sasa tuje kwenye moshi. Wewe umeupitia kwa mistari michache, mimi ndio ulionikalisha macho.

Keratini ni protini, ndiyo inayojenga nywele na kucha. Yenyewe hainyooshi unywele. Lazima pawe na kitu kingine kinachoushika unywele na kuulazimisha ukae sawa, na katika nyingi ya dawa za aina hii kitu hicho ni fomaldehaidi. Ni gesi. Ikichanganywa na maji huitwa fomalini, ile ile wanayohifadhia maiti. Kwenye chupa huenda usilione jina hilo kabisa, utaona methilini glaikoli, ukadhani ni kitu kingine. Pasi ikipita, nayo ina joto la nyuzi 200 na zaidi, inageuka gesi na kupanda usoni pa aliyekaa na pa aliyesimama. Mvuke wa maji hauwashi macho, mwanangu. Umechemsha maji maisha yako yote, unajua.

Gesi hiyo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2011 idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini iliwatahadharisha wenye saluni baada ya kuikuta hewani hata pale ambapo chupa imeandikwa kwamba haimo. Kwa hiyo neno la yule dada kwamba "haina kemikali" halikutoshi. Hata maji ni kemikali. Anayekuuzia dawa ya kupitishia pasi akakwambia hivyo, ama haijui mali yake au anaijua vizuri sana.

Zipo kampuni zilizoiacha fomaldehaidi zikaingia kwenye asidi ya glaioksiliki. Nayo iangalie. Mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walieleza kisa cha mwanamke kijana aliyeugua figo mara tatu, na kila mara ilikuwa baada ya kunyooshwa nywele saluni kwa dawa yenye asidi hiyo. Kisha kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2022, uliowafuatilia wanawake 33,497. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi hadi kufika umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05. Kwa wasiotumia yalikuwa asilimia 1.64. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo sababu, wala haukutaja chupa ya mtu. Hao walikuwa watumiaji, na mtumiaji hunyooshwa kisha akaenda zake. Wewe utakuwa umesimama juu ya kila kichwa.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine pote. Karamu yao wanaifanya darini Shela, chini ya makuti, pande zote wazi na bahari mbele. Pasi itapita, moshi utachukuliwa na upepo kabla haujafika pua ya mtu, na wageni watapiga makofi kwa haki kabisa, kwa sababu hakuna aliyewashwa macho. Kazi yako wewe haifanyiki huko. Inafanyika kwenye chumba cha chini Langoni, kichochoro hakipiti watu wawili sambamba, pazia mlangoni na dirisha limefungwa ili mwanaume anayepita asiwaone wateja wako vichwa wazi. Stara hiyo ndiyo inayokuletea wateja, na stara hiyo hiyo ndiyo itakayoifungia gesi ndani pamoja nanyi. Feni ya dari haiitoi, inaizungusha tu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii gesi. Umeliona kwa kifungu kimoja cha nywele, mteja kakohoa, msaidizi katoka, mavyaa kateremka ngazi. Fikiria vichwa vizima, kimoja baada ya kingine, wiki ya harusi.

Nyumba za mawe za Amu zilijengwa kwa watu wa stara, na waliozijenga walikumbuka hewa. Unaingia dakani, baraza ya mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa ndani, kisha unatokea kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi juu, ambako jicho la mpita njia halifiki. Kama nyumba ya mavyaa wako bado ina kiwanda chake, muombe kwa adabu akuruhusu kuhamishia huko kazi zote za moto na harufu, pasi, draya, hata ile dawa ya kulainisha ya kila siku. Mtapumua nyote. Ila kwa dawa hii mpya sisemi hivyo, kwa sababu hewa ya kiwandani hupanda, na juu yuko mtu mwenye pumu. Ikithibitika ina fomaldehaidi, kwa nyumba hiyo haifai, hata ungeuza katoni kumi. Na msaidizi wako mwenye mimba asikae karibu nayo kabisa, wala usimpe kazi ya kuchanganya wala ya kuosha kichwa kilichopakwa.

Kwa hiyo unataka kuijua kabla ya karamu. Muombe yule dada chupa yenyewe iliyofungwa, si sampuli iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na jina. Soma orodha yote ya vilivyomo. Tafuta fomaldehaidi, fomalini, methilini glaikoli, asidi ya glaioksiliki na thioglaikoleti. Muombe na karatasi ya usalama ya bidhaa. Kampuni inayouza dawa kwa wasusi huwa nayo, na ikisema haina, hilo nalo ni jibu. Tazama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kama dawa imetoka nje tazama kibandiko cha ISM. Namba ya kibandiko unaituma kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, wanakujibu kama ni ya kweli. Ila alama hiyo si hirizi. Dawa inaweza kuwa halali na bado isifae chumba kisicho na hewa.

Wifi yako sasa. Unazijua nywele zake kuliko mtu yeyote atakayekuwa jukwaani, na kila ulichomwambia yule dada kilikuwa sahihi. Dawa za kulainisha tulizozizoea zina hidroksidi. Ikiwa hii mpya ina thioglaikoleti, viwili hivyo havikutani kwenye unywele mmoja, unywele hukatika. Hina za pakiti nazo, hasa nyeusi, nyingine zina chumvi za madini zinazogombana na dawa nyingine, na nyingine zina rangi kali inayowasha ngozi kabla hata hujaongeza kitu. Kichwa kilichobeba yote hayo hakijaribiwi mbele ya watu, nusu kwa nusu. Kinajaribiwa kimya kimya, kwa nywele chache zilizobaki kwenye chanuo, na tone moja la dawa nyuma ya sikio lisubiriwe siku mbili. Na mimi sijaona msusi mzuri anayemwekea bibi harusi dawa ngeni zikiwa zimebaki wiki mbili. Zikikatika nywele upande mmoja, kampuni iko Nairobi, na wewe uko chini ya paa moja na mama yake.

Najua ugumu ulipo, ameshawatangazia rafiki zake. Usimwambie "nimekukataza". Mwambie ukweli wa kazi, kwamba nywele zake zina dawa na hina juu yake, na wewe ndiwe utakayempamba, na unataka siku yake ya kutolewa nje asimame na kichwa kizima. Mchukue aende karamuni kama mgeni, akae pembeni yako amevaa nyeupe yake. Hilo nalo uliombe kwa mama yake, kwani kama kwenu bado mnamweka ndani bibi harusi siku za mwisho, huenda hata uwanjani hatoki, na hapo neno la kuwapa rafiki zake litapatikana lenyewe. Kampuni inayotaka kichwa cha kuonyeshea ije na warembo wake inaowalipa, au kichwa cha sanamu chenye nywele za watu.

Kuhusu mume wako, naona mtu amekupa nafasi kubwa kuliko unavyomhesabia. Hakusema usiende. Amesema nywele za wake wa nyumba yake zisiuze bidhaa ya mtu, na katika hilo hata sheria iko upande wake na wako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa yako iwe ya wazi, ya hiari, na kwa jambo unalolijua, kabla picha yako haijatumika. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilikitoza kituo kimoja cha burudani cha Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Karamu kama hizo huweka ubao mlangoni kwamba ukiingia umekubali kupigwa picha. Usiutegemee ubao huo, wala usinyamaze mbele yake. Mwandikie yule dada kwa simu kabla ya siku yenyewe, maneno machache, kwamba unakuja na hutaki picha wala video yako wala ya jamaa zako itumike bila kuiona na kuikubali kwa maandishi. Ujumbe huo uuhifadhi, kisha mwonyeshe mumeo. Atalala.

Na kuna jambo ningelidai ningekuwa wewe. Waambie kama kweli wanawataka wanawake wa Lamu, wafanye alasiri moja ya wanawake watupu, siku nyingine, simu zote zikae mlangoni kama tufanyavyo kwenye kupamba, na anayefundisha awe mwanamke. Waje na viti, waje na chai, dawa ielezwe na masuali yaulizwe na wasusi wote, wa Langoni na wa Mkomani pia. Karamu ya Shela ni ya macho ya Nairobi. Mteja wako mwenye buibui hatakuwepo, na hatanunua kitu kwa sababu mtangazaji amekipigia makofi. Wakikubali hilo, utajua wana nia na soko lenu. Wakikataa, utajua walichokitaka ni picha ya bahari na msichana mwenye nywele nzuri.

Karatasi ya kutia sahihi nitaisema kwa ufupi kwa sababu hili halina pande mbili. Muziki ukilia hakuna mkataba unaosomeka. Chukua nakala uende nayo nyumbani, isome na mumeo au na mtu anayejua mambo hayo. Ukitaka kuanza, waombe mali kauli ya kiasi kidogo, uuze ndipo ulipe, na yasiyouzika yarudi kwao kwa gharama yao, iandikwe hivyo. Kama karatasi inasema unadaiwa uuze usiuze, huo si uwakala, umekopeshwa dawa. Uliza pia nani anawajibika mteja akiungua au nywele zikikatika. Kama jibu ni wewe peke yako, mwache wa Mkomani aichukue, na kama mnasalimiana mwambie uliyoyasoma kwenye chupa.

Mavazi yasikupe homa. Nyeupe na dhahabu ni rangi zetu sisi kabla hazijawa zao. Gauni refu jeupe au dera zito la hariri, mtandio mweupe wenye uzi wa dhahabu uufunge vizuri, na kikuba cha asmini na mrehani ukibandike kifuani. Saa mbili za usiku kitakuwa kinanukia vizuri kuliko manukato ya wageni wote. Buibui livae mpaka mlangoni, ukifika utaona mwenyewe kama mahali pana wanaume utabaki nalo au la. Si lazima mtu aonyeshe nywele kwa sababu karamu ni ya nywele. Wewe ni fundi, watu watakutafuta kwa maneno yako. Kaa karibu na jukwaa upande upepo unakotoka, uangalie mikono ya anayefanya kazi. Amevaa glavu? Amemuuliza yule mrembo ametiwa nini mwezi uliopita? Anapitisha pasi mara ngapi? Hayo utarudi nayo hata kama dawa yenyewe huitaki.

Njia ya kurudi ipange kabla ya kwenda. Ule ufuo kati ya Shela na mjini maji yakijaa haupitiki vizuri, na usiku usiutegemee kabisa. Weka boti ya mtu mnayemjua, mpatane saa na bei ya kwenda na kurudi, na muombe mumeo akungoje gatini. Akitaka kukupeleka mwenyewe, usimkatalie.

Na mavyaa wako, kabla ya yote hayo, panda juu ukamwambie kwamba alichokinusa kilikuwa kweli, na kwamba chupa hiyo haitafunguliwa tena chini ya chumba chake mpaka ujue ndani mna nini. Usimwombe ruhusa ya karamu siku hiyo. Mpe hilo kwanza, likae.

Halafu mpigie yule dada, uombe chupa iliyofungwa na karatasi yake ya usalama. Akikuletea, nitumie orodha ya vilivyomo tuisome pamoja.

Shangazi